Wepesi Ndio Mali: Kuiandaa Pikipiki Ndogo kwa Safari za Porini

Pikipiki yangu ni Honda CRF250L, na kazi yangu ni udaktari wa mifugo katika maboma ya Monduli, Longido na Ngorongoro. Nabeba chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo inatakiwa ikae kati ya nyuzijoto 2 na 8 hata jua likiwa utosini. Nabeba sindano, dawa za minyoo, maji ya kunywa na vifaa vya kuzibia pancha. Boma ninaloliendea mara nyingi halina barabara, lina njia ya ng'ombe. Gari huishia penye korongo; pikipiki huvuka.

Nikisimama kujaza mafuta Arusha au Mto wa Mbu, hakosekani mtu wa kuizunguka pikipiki na kuuliza: "Shikamoo Daktari. Na mimi ninayo ya namna hii, nianze kufunga nini?" Huyu ni mwalimu, yule anaongoza watalii, mwingine ni bwana shamba. Wengi huja na orodha tayari kichwani: taa nne za mbele, masanduku ya aluminiamu, bomba la moshi lenye mngurumo. Jibu langu huanzia kwenye uzito, kwa sababu pikipiki ndogo ya safari ina mali moja kubwa, nayo ni wepesi. Kuiandaa vizuri ni kuongeza kile kinachokufikisha na kukurudisha, huku ukiulinda wepesi huo kwa wivu.

Kilo 144

CRF250L ya toleo la kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 2012, ina kilo 144 ikiwa na oili na mafuta. Injini yake ya cc 249 hutoa nguvu za farasi 23. Iweke karibu na BMW R 1250 GS, pikipiki kubwa ya safari inayopendwa duniani kote: hiyo ina kilo 249 na nguvu za farasi 136. Kwenye lami hakuna ushindani. Lakini zilaze zote mbili kwenye mchanga wa korongo, uwe peke yako, saa saba mchana. Yangu naigeuzia mgongo, nachuchumaa, nashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mkono wa pili, kisha nainuka kwa nguvu ya mapaja huku nikirudi nyuma hatua fupi fupi. Inasimama. Ile kubwa, mtu wa mwili wangu atangoja msaada.

Watu wamefika mbali sana na pikipiki ndogo. Mwingereza Steph Jeavons aliondoka London mwaka 2014 na CRF250L kama hii, akaifikisha katika mabara yote saba, Antaktika ikiwemo. Lois Pryce, naye Mwingereza, aliendesha Yamaha TTR250 kutoka London hadi Cape Town, akipita Sahara, Kongo na Angola. Wanawake hawa hawakuhitaji injini kubwa. Walihitaji chombo wanachokimudu.

Haba na haba hujaza kibaba, na kwenye pikipiki kibaba hujaa haraka. Masanduku mawili ya chuma na fremu yake, ngao nzito, taa, dumu la akiba, na umeshaongeza kilo 30 kabla hujaweka hata soksi. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wa pikipiki yenyewe. Injini ya farasi 23 itausikia uzito huo kwenye kila mlima, breki zitausikia kwenye kila mteremko, na wewe utausikia siku ya kuinua.

Pesa ya kwanza iende kwenye mwili wako

Maboresho ya mwanzo hayana gharama. Kaa kwenye pikipiki, kisha simama juu ya vikanyagio kama unavyosimama kwenye mawe. Je, viganja vyako vinazikuta klachi na breki bila kukunja kifundo cha mkono? Kiwandani huziweka kwa ajili ya mtu aliyeketi. Legeza boliti, zishushe kidogo, kaza. Vikanyagio vya CRF250L huja na mipira juu yake. Ukiitoa unabaki na meno ya chuma yanayoshika kiatu chenye matope. Kazi hizi mbili hazichukui nusu saa, na mabega yatakushukuru kabla ya jioni.

Baada ya hapo tazama kimo cha usukani. Mtu mrefu akisimama hulazimika kuinama, na kuinama siku nzima kunaumiza kiuno. Vipande vya kuinulia usukani vya milimita 20 au 30 hutibu hilo. Ukivifunga, zungusha usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho huku injini ikiunguruma. Sauti ya injini ikipanda yenyewe, kebo ya mafuta imevutika na inahitaji kupitishwa njia nyingine.

Mimi si mrefu, na kiti cha pikipiki hii kipo milimita 875 kutoka ardhini. Zipo fito za kuunganishia shokapu ya nyuma zinazoishusha pikipiki, lakini zinapunguza pia nafasi kati ya injini na jiwe, nafasi ambayo ndiyo sababu ya kununua pikipiki hii. Niliamua kuacha kimo chake na kurekebisha kiti. Arusha ina mafundi wanaotengeneza viti vya magari ya utalii, watu wanaojua mgongo wa mtalii unavyochoka kati ya Makuyuni na Seronera. Fundi alipunguza sponji pembeni, pale mapaja yanapopita, ili mguu ushuke wima. Katikati aliongeza upana na kuweka sponji ngumu, maana sponji laini hubonyea mpaka ukakalia plastiki. Sasa natua mguu mmoja kwa uhakika, na mguu mmoja unatosha.

Shokapu: pima kabla hujanunua

Shokapu za CRF250L ni ndefu lakini ni laini, zimetengenezwa kwa mwendeshaji mwepesi asiye na mzigo. Ukiweka mtu wa kilo 80 na mizigo, sehemu ya nyuma inazama, ya mbele inainuka, taa inamulika miti, na kila shimo linagonga mwisho wa shokapu.

Kuna kipimo ambacho kila mwenye pikipiki anaweza kukifanya nyumbani. Iweke pikipiki juu ya kreti, gurudumu la nyuma lining'inie. Bandika utepe kwenye plastiki iliyo juu ya ekseli ya nyuma, upime kutoka ekseli hadi kwenye utepe. Ishushe, ipakie kama unavyosafiri, panda na viatu vyako na kofia yako, mtu mmoja ashike usukani, mwingine apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kiasi ambacho uzito wako umekula. Gurudumu la nyuma la pikipiki hii linaweza kupanda na kushuka milimita 240. Uzito ukila kama theluthi moja, yaani milimita 70 hadi 80, uko mahali pazuri. Ukila 100 na zaidi, kaza nati ya duara iliyo juu ya springi uone kama unarudi. Ikikataa, hakuna dawa nyingine ila springi ngumu zaidi inayolingana na uzito wako.

Springi haionekani. Jirani hataisifu. Lakini kwa maoni yangu, hakuna kifaa cha kununua kinachoibadilisha pikipiki ndogo kuliko springi sahihi mbele na nyuma, nacho hakiongezi uzito wa maana.

Tairi, upepo na meno ya sproketi

Gurudumu la mbele la inchi 21 na la nyuma la inchi 18 ni vipimo vya pikipiki za vumbi, kwa hiyo tairi za kila namna zinapatikana. Chagua kwa njia unayoipita mara nyingi, si kwa picha. Tairi yenye vipande vikubwa vya mpira vilivyoachana hushika mchanga na tope, lakini huisha haraka kwenye lami na huteleza lami ikilowa. Mimi natumia tairi yenye vipande vikubwa mbele, kwa sababu gurudumu la mbele likiteleza unaanguka, na nyuma tairi ya wastani inayodumu, kwa sababu likiteleza la nyuma mara nyingi unalirudisha.

Upepo ni boresho la bure. Kitabu cha pikipiki kinataka PSI 22. Nikiingia kwenye mchanga mrefu nashusha hadi kama 15, tairi inapanuka na kuelea. Nikifika kwenye mawe narudisha kwa pampu ya mkono, kwa kuwa tairi laini ikigonga jiwe hubana tyubu dhidi ya rimu na kuikata. Usishushe chini ya hapo ovyo. Tairi inaweza kuzunguka ndani ya rimu na kung'oa valvu. Nabeba tyubu moja ya inchi 21. Kwa dharura hukunjwa na kuingia hata kwenye gurudumu la nyuma la inchi 18, ikanifikisha kwa fundi pancha.

Sproketi ya mbele ya kiwandani ina meno 14, ya nyuma 40. Kubadili ya mbele ikawa na meno 13 ni kazi ya gharama ndogo, na nguvu ya kuvuta kwenye gia ya chini huongezeka kwa karibu asilimia 8. Ukipanda mlima wenye mawe makubwa utaacha kuichoma klachi. Gharama yake utaiona kwenye lami: injini itazunguka zaidi kwa mwendo uleule, na kipima mwendo, kinachosoma kutoka kwenye gia, kitakuonyesha mwendo mkubwa kuliko ulio nao. Anayeishi lami aache 14. Anayeishi makorongoni aweke 13.

Kinga ya kile kitakachokuacha porini

Pikipiki ya porini itaanguka. Swali ni nini kitavunjika, na je, utaweza kuondoka? Kuna sehemu chache ambazo zikivunjika safari imekwisha: tumbo la injini, rejeta, mkono wa klachi, mkono wa breki na kikanyagio cha gia. Linda hizo.

Chini ya injini kiwanda kimeweka plastiki. Bamba la aluminiamu la milimita 4 hustahimili mawe bila uzito mkubwa. Hakikisha lina tundu la kumwagia oili, la sivyo utalifungua kila huduma. Kinga za mikono ziwe na chuma ndani, kilichofungwa sehemu mbili za usukani. Zile za plastiki tupu huzuia upepo na miba tu, si ardhi. Rejeta iko ubavuni, ifungie fremu ndogo ya kuizuia isipinde.

Kisha ifanye ile mbinu ya mafundi wa zamani: zungushia usukani utepe mweupe wa mafundi bomba, ule mwembamba, chini ya kishikio cha klachi, na boliti zake zikaze kiasi, si kwa nguvu zote. Pikipiki ikianguka, kishikio kinazunguka badala ya kukatika. Bado nabeba mkono mmoja wa klachi na mmoja wa breki. Ni myepesi na haichukui nafasi.

Adui mwingine ni vumbi. Njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero, chini ya Oldoinyo Lengai, ina vumbi la majivu ya volkano, laini kama unga wa muhogo. Vumbi hilo likipita kwenye kichujio cha hewa, linasaga silinda na pete za pistoni taratibu. Kichujio cha karatasi hakioshwi. Cha sponji kinaoshwa kwa sabuni, kinakaushwa, kinapakwa oili yake na kurudishwa. Paka grisi kidogo kwenye ukingo kinapokutana na kasha lake, ili hewa isipite pembeni. Hili kwangu linakuja kabla ya taa yoyote.

Lita 7.7

Tenki la pikipiki hii ni dogo, lita 7.7. Kwa mwendo wa utulivu kwenye barabara nzuri napata kama kilomita 30 kwa lita, lakini mchanga na gia ya pili hula zaidi. Kutoka Mto wa Mbu hadi Engaresero na kurudi ni zaidi ya kilomita 200, na huko katikati mafuta huuzwa kwenye chupa za plastiki, yakiwepo. Hapo hesabu ya tenki haina ziada.

Yapo matenki ya plastiki ya lita 11.7 yaliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki hii. Mafuta ya lita 4 zaidi yana kilo 3 tu, na yanakaa mbele, mahali pazuri pa uzito. Asiyesafiri mbali mara kwa mara abebe chombo imara cha lita 3 hadi 5 kilichotengenezwa kwa ajili ya petroli, akimimine kwenye tenki mapema na kurudi na chombo kitupu. Na petroli ya chupa ichuje. Pikipiki yenye mfumo wa sindano ya mafuta haivumilii maji na uchafu kama ile ya kabureta.

Mzigo, na fundi wa Unga Limited

Kiunzi cha nyuma cha CRF250L kimechomelewa pamoja na fremu. Hakifunguliwi kwa boliti ukanunua kingine. Ukikipakia kupita kiasi mpaka kipasuke, umeharibu fremu. Kitabu cha pikipiki kinataja uzito wa juu, na uzito huo unamhesabu na mwendeshaji.

Keria yangu ilitengenezwa Unga Limited, Arusha, na fundi mzee anayechomelea keria za juu za Land Cruiser za utalii. Nilimpelekea pikipiki na kisanduku cha baridi. Hakuuliza nataka rangi gani. Aliuliza, "Daktari, kilicho kizito kuliko vyote utakiweka wapi?" Nikamwonyesha nyuma kabisa, juu ya taa. Akatikisa kichwa. "Huko ndiko kunakotikisika zaidi, mama. Kisogeze kwenye mgongo wako." Alikuwa sahihi kwa pikipiki na kwa chanjo pia. Keria ikawa fupi, kisanduku kikakaa nyuma ya kiuno changu juu ya tabaka la sponji, na pakiti za barafu zikatenganishwa na chupa za chanjo kwa kadibodi, kwa kuwa barafu ikiigusa chanjo inaweza kuigandisha.

Alitumia bomba la chuma, si aluminiamu, nami nakubaliana naye. Aluminiamu ni nyepesi, lakini ikipasuka Engaresero hakuna wa kuichomelea. Chuma kitachomelewa popote penye jenereta na fundi wa milango. Boliti zote tulizipaka gundi ya nati, kwani injini ya silinda moja hulegeza kila kitu. Baada ya safari nazipitia kwa spana moja moja.

Pembeni natumia mifuko laini ya turubai nzito, si masanduku magumu. Kwenye mchanga mguu huteremka ghafla kutafuta ardhi. Sanduku gumu linaweza kuupiga kwa nyuma na kuuvunja, mfuko unabonyea. Jambo moja tu la kukumbuka ni kuuweka mbali na bomba la moshi, kwa bamba dogo la kuzuia joto. Kupakia nimejifunza kwa kinamama wa maboma wanaofunga madumu ya maji kwenye punda: pande mbili zilingane, mzigo ukae karibu na mwili, kamba isilegee. Zana na vipuri vizito nimevihamishia mbele, kwenye bomba la plastiki lililofungwa juu ya bamba la injini.

Umeme na kelele

Pikipiki ndogo huzalisha umeme kidogo, na pikipiki ya sindano ya mafuta haiwaki betri ikifa kabisa. Tundu la kuchajia simu ni la lazima, kwa ramani na kwa kuita msaada. Taa ya ziada moja ya wati 20 hula ampea 1.7 hivi, inavumilika. Kila waya mpya upite kwenye fyuzi yake iliyo karibu na betri, na taa iwashwe kupitia rilei inayokata umeme funguo ikizimwa. Waya usifungwe kwa kukaza shingoni mwa usukani. Kila kona utavutwa, mwishowe utakatika.

Bomba la moshi la kelele naliacha. Halinipi nguvu ninayoihitaji, linachosha masikio, na ninapokaribia boma linatawanya mbuzi na mbwa niliowafuata. Wafugaji wanahesabu muda wangu kwa wanyama niliowachanja. Kufika kwa utulivu ni sehemu ya kazi.

Mpangilio wa kununua

Kwa mwenye pikipiki mpya, mpangilio wangu ni huu. Rekebisha mikono na vikanyagio, ni bure. Nunua kofia ngumu nzuri na viatu vinavyofunika vifundo kabla ya chochote cha pikipiki. Fuata tairi na vifaa vya pancha, kisha bamba la injini na kinga za mikono, kisha springi za uzito wako. Mafuta ya ziada na keria vije safari zikirefuka. Taa na mapambo yaje mwisho.

Na kabla ya kununua hata kimoja, pakia mzigo wako halisi, uende siku nzima kwenye njia yako halisi. Ukirudi, andika kilichouma mwilini, kilicholegea, kilichogonga chini, na kile ulichobeba bila kukigusa. Hiki cha mwisho kiteremshe. Vingine vitakueleza pesa yako iende wapi, na kwa mpangilio gani.